Kula hoteli kubwa bila kuogopa bili

Chekalini bei ya chakula haina siri. Unaingia kibandani, unauliza, "Chapati na ndengu leo ni ngapi?" Unaambiwa, unakaa. Hata usipouliza, bei imeandikwa ukutani kwa chaki au kwenye karatasi iliyoshika moshi. Ukimaliza, unalipa kwa namba ya till iliyobandikwa karibu na jiko, unaonyesha meseji, unaaga, unaenda zako.

Mtu huyohuyo akiingia hoteli kubwa Eldoret, Kitale, Kisumu au Kakamega mjini, sauti inashuka. Anafungua menyu, anaona majina marefu, anaagiza kile anachokitambua. Maji yakiletwa ya chupa anakunywa, hajui kama ni ya bure. Bili ikija haisomi, anaangalia tu ule mstari wa chini, anameza mate, anaingiza PIN. Nje ndipo anauliza wenzake, "Kwani tulikula nini cha pesa hiyo?"

Sisi tunaoandika hapa kazi yetu ni malipo ya simu, lakini pia ni walaji wa kawaida. Tunaenda hoteli kubwa mara chache kwa mwaka: mtoto akihitimu, wageni wa ukoo wakija, au mahindi yakishauzwa na kuna kitu kidogo kimebaki. Maoni yetu ni kwamba chakula mara nyingi ni kizuri na wahudumu wengi wanajua kazi. Kinachotuumiza ni aibu. Tunaogopa kuuliza, na aibu hiyo ina bei. Leo tunataka kuonyesha ni bei gani, na jinsi ya kuiepuka kabla hujabonyeza kitufe cha mwisho kwenye simu.

Aibu hii inatoka wapi?

Haikuzaliwa jana. Wakati wa ukoloni hoteli kubwa za Kenya zilijengwa kwa ajili ya wazungu, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, kama mpishi au mtumishi. Sheria na desturi hizo zilikwisha, lakini mazoea ya kuhisi kwamba mahali fulani "si petu" hayaishi kwa siku moja. Hata Machi 2015 kulikuwa na kelele nchi nzima baada ya gazeti kuripoti kwamba mkahawa mmoja wa Nairobi ulikuwa unawazuia Waafrika kuingia kuanzia saa kumi na moja jioni. Mkahawa huo ulifungwa, na ikaonekana haukuwa na leseni zote zilizohitajika.

Siku hizi hakuna anayekuzuia mlangoni. Lakini kuna mambo madogo. Mlinzi anaangalia viatu kabla ya kuangalia uso. Weita anaanza na Kiingereza kwa mzee ambaye ameingia akisema "Hamjambo hapa." Meza nzuri ya dirishani inasemekana imewekwa, na tunakaa saa nzima bila mwenyewe kutokea. Kwetu Lugari mtu husalimiwa kwanza, biashara baadaye. Ukinyimwa salamu, unahisi umeshapungua, na mtu aliyepungua haulizi bei.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza hauhusu simu hata kidogo. Salimia wewe. Sema kwa Kiswahili, kwa sauti yako ya kawaida: "Habari ya kazi? Tuko watano, tunataka kula." Weita mwenyewe pengine ametoka Matete au Turbo, na ukimsalimu kama ndugu yako, mara nyingi atakuhudumia hivyo.

Menyu isiyo na bei

Kibandani tumezoea bei moja kwa sahani. Hoteli kubwa kuna bei zinazocheza. Samaki mzima huuzwa kwa ukubwa, na nyama choma huuzwa kwa uzito. Menyu inaweza kukuambia tu kwamba bei inategemea kilo. Ukiagiza bila kuuliza, samaki atakuja mezani amelala sahani nzima, mzuri kweli, na bei yake utaijua kwenye bili.

Uliza kabla hajaingia kwenye mafuta: "Huyo samaki ni wa shilingi ngapi? Naomba nimwone." Hilo ni swali la kawaida kabisa, na jikoni wanalitarajia. Nyama nayo ipimwe ukiona.

Uliza pia kinachokuja na nini. Hapa ndipo tuna lalamiko la kwetu la kimagharibi. Ukiagiza kuku nyumbani Chekalini unajua mpangilio: kuku ni wa kienyeji, ugali ni mkubwa, mboga ni tsisaka au mrenda, na firigisi, ile imondo, ina mwenyewe anayeheshimiwa. Hoteli kubwa robo ya kuku huja peke yake. Ugali ni bei nyingine. Mboga ni bei nyingine. Kachumbari kijiko kimoja, wakati mwingine nayo ni bei nyingine. Na imondo hakuna anayejua ilienda wapi. Hatusemi ni wizi. Ni utaratibu wao, na wana haki ya kuupanga. Lakini mtu aliyehesabu pesa ya kuku kumbe alihesabu nusu ya chakula.

Kuhusu maji: ukiona chupa inafunguliwa mbele yako bila kuulizwa, iulizie hapo hapo. Ikishafunguliwa ni yako.

Na kuhusu mikono: ugali unaliwa kwa mkono. Omba maji ya kunawa, ule kwa amani. Septemba 2016 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alikuja Nairobi akisema anataka kujifunza habari za pesa za simu, kwa sababu Kenya inaongoza ulimwenguni. Chakula chake cha mchana kilikuwa ugali na samaki mzima kwa Mama Oliech. Kama chakula chetu kilimtosha mtu kama huyo, hatuna sababu ya kukiomba kwa kunong'ona.

Mistari mitatu ya chini kwenye bili

Sasa tufike kwenye hesabu. Tuseme mko wawili na mmeagiza hivi. Bei hizi ni za mfano tu:

Robo kuku mbili, 900 kila moja: 1,800
Ugali sahani mbili, 150 kila moja: 300
Mboga sahani mbili, 200 kila moja: 400
Soda mbili, 150 kila moja: 300
Maji chupa moja kubwa: 200

Jumla ni shilingi 3,000. Hiyo ndiyo pesa uliyoandaa kwenye simu. Lakini chini ya bili kunaweza kuwa na mistari mitatu zaidi.

Wa kwanza ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida Kenya ni asilimia 16. Wa pili ni ushuru wa utalii wa asilimia 2, ambao watu wengi bado wanauita catering levy. Wa tatu ni ada ya huduma, ile inayoandikwa service charge. Huo wa tatu si wa serikali. Hoteli inajiwekea yenyewe, na nyingine hazina kabisa.

Kama bei za menyu tayari zina kodi ndani, utalipa 3,000 na mistari hiyo inakuonyesha tu mgawanyo. Lakini kama bei zilikuwa bila kodi, na hoteli inatoza ada ya huduma ya asilimia 10, hesabu inakuwa hivi: VAT 480, ushuru 60, huduma 300. Jumla mpya ni 3,840. Umeongeza 840 ambazo hukuzipanga. Kwa mtu atakayepanda matatu kurudi Lugari na kisha bodaboda hadi nyumbani, 840 si pesa ya kudharau.

Swali la kuuliza ni moja, na liulizwe kabla ya kuagiza: "Bei hizi zina kila kitu ndani, ama kuna kitu kinaongezwa kwa bili?" Mara nyingi jibu limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya menyu. Lisome.

Una haki ya kuuliza. Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Ushindani, namba 12 ya 2010, katika kifungu cha 56, inasema mteja aambiwe ada zote za huduma, ziitwe jina lolote, na asitozwe ada ambayo hakujulishwa mapema. Kwa hivyo ukikuta ada ya huduma ambayo haikuandikwa popote na hukuambiwa, muulize meneja kwa upole. Hufanyi fujo. Unakumbusha sheria.

Kabla ya kuingiza PIN

Simu imetupa kitu ambacho noti haikuwa nacho: nafasi ya kusimama kidogo kabla pesa haijatoka. Itumie. Fanya mambo manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, omba bili iliyoandikwa na uisome kutoka juu. Je, vitu vyote mlivyokula viko? Je, kuna ambacho hamkula? Soda tatu badala ya mbili hutokea hata mahali pa heshima, kwa sababu weita anahudumia meza nyingi na anakumbuka kwa kichwa. Kosa likitokea, sema mapema. Kurekebisha bili ambayo haijalipwa ni kazi ya dakika mbili. Kurudishiwa pesa iliyolipwa ni safari ndefu.

Pili, lipa kwa jina la biashara. Ukiingiza namba ya till au ya paybill, angalia jina linalotokea kabla ya kukubali. Liwe la hoteli, au weita aweze kukueleza kwa nini ni tofauti, na risiti ikubaliane naye. Kama wanatuma ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu yako, soma jina na kiasi kabla ya PIN.

Tatu, ukiambiwa "till imekataa, tuma kwa hii namba yangu," simama. Huenda ni kweli mtandao unasumbua. Lakini ukimtumia mtu binafsi, hoteli haina rekodi kwamba umelipa, na wewe umeongeza gharama. Kwa M-Pesa, kwa mfano, mteja anayelipa kwa till ya Lipa na M-Pesa hakatwi ada. Anayekatwa ni mfanyabiashara. Ukituma 1,200 kwa namba ya mtu, ada ya 2024 ilikuwa shilingi 23. Mwambie weita amwite meneja, au uende kaunta ulipe huko.

Nne, PIN ni yako. Hakuna weita, keshia wala meneja anayehitaji kuijua, hata akisema anakusaidia kwa sababu umesahau miwani. Mzee wa nyumbani asiyeona vizuri asaidiwe na mtoto wake aliyekuja naye, si na mtu wa hoteli.

"Sijaona ikiingia"

Hili ndilo neno linaloharibu mlo mzuri. Umelipa, meseji imekuja kwako, weita anarudi anasema kwao haijaonekana. Watu wa meza jirani wanageuka. Uso unapata moto, na mtu mwenye aibu hulipa mara ya pili ili aondoke tu.

Usilipe mara ya pili. Fungua meseji ya uthibitisho usome mambo matatu: jina la aliyepokea, kiasi, na namba ya muamala. Kwa M-Pesa namba hiyo ina herufi na tarakimu kumi. Kisha angalia salio lako. Kama pesa imetoka na jina ni la hoteli, mpe weita ile namba ya muamala aende nayo kaunta. Wanaweza kuitafuta kwa rekodi za till yao. Kama mtandao umechelewa, subirini pamoja. Wewe kaa chini, kunywa maji uliyolipia.

Kama salio halijapungua na hakuna meseji, basi malipo hayajaenda, na unaweza kujaribu tena. Kama umekosea na kumtumia mtu mwingine pesa kwa M-Pesa, tuma ile meseji yenyewe kwa 456 mara moja kuomba irudishwe. Kama ulilipa kwa till isiyo sahihi, pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako na uwape namba ya muamala. Kadiri unavyokawia, ndivyo inavyokuwa ngumu, kwa sababu pesa ikishatolewa haishikiki tena.

Na risiti? Iombe. Meseji ya simu inaonyesha umelipa kiasi gani na kwa nani. Risiti inaonyesha umelipia nini. Siku ya kulalamika utahitaji zote mbili.

Mkiwa wengi

Desturi yetu ni mmoja kulipa na wengine kumrudishia. Ina heshima, lakini ina gharama mbili: ada za kutuma, na yule rafiki ambaye "nitakutumia jioni" yake haifiki. Tuseme mko wanne na bili ni 3,840. Kila mmoja ni 960. Watatu wakimtumia mwenzao 960 kwa M-Pesa, kwa ada za 2024 kila mmoja anakatwa 13, jumla 39. Wakilipa kila mmoja 960 moja kwa moja kwa till ya hoteli, hakuna ada kwao. Mwambie weita mapema, "Tutalipa kwa simu nne," ili aandike kila malipo yanapoingia na asichanganyikiwe.

Kama ni sherehe na baba ndiye anayelipa, basi familia isimwache kwenye giza. Mtoto anayejua kusoma menyu ajumlishe hesabu kwenye simu wakati wanaagiza, amwonyeshe mzee kimyakimya. Mzee akijua ni 3,840 tangu mwanzo, atakula kwa furaha. Akigundua mwishoni, hata ule utamu wa kuku unatoka mdomoni.

Ya weita tumpe weita

Tumesema mengi kuhusu huduma, na haki inataka tuseme upande wa pili. Kuna vitu hoteli kubwa hufanya vizuri kuliko sisi: vyoo safi, sabuni ipo, chakula cha mtoto hutengwa, risiti hutoka bila ugomvi. Wahudumu wengine wamesomea kazi hiyo, na Kenya Utalii College imekuwa ikifundisha kazi ya hoteli tangu 1975. Anayesimama saa kumi na mbili kwa miguu yake na bado anatabasamu anastahili neno zuri.

Kwa hivyo bakshishi ni jambo jema, lakini ni hiari. Kama bili tayari ina ada ya huduma, huna deni lingine. Ukitaka kumpa mtu aliyekuhudumia vizuri, mpe yeye mwenyewe, pembeni na bili, ili ujue imemfikia. Kwa M-Pesa kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada, na hiyo ni "ya chai" inayoeleweka. Usiongeze bakshishi ndani ya malipo ya till ukidhani itagawanywa. Muulize kwanza wanafanyaje.

Na kama huduma ilikuwa mbaya? Sema kabla ya kulipa. Anza na weita, kwa utulivu, halafu meneja. Chakula kilichokuja baridi au kisichoiva kirudishwe kikiwa bado kipo, si baada ya mifupa kubaki. Kama wamekataa kukusikiliza na umetozwa ada ambayo hukuambiwa, una risiti, una meseji ya malipo, na unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hushughulikia haki za watumiaji.

Kabla ya safari ijayo ya Eldoret au Kakamega mjini, kaeni nyumbani mjizoeze maswali haya manne, hata kama watoto watacheka: "Samaki huyu ni ngapi?" "Bei ina kodi ndani?" "Till ni ya jina gani?" "Naomba risiti." Yanatosha. Weita akijibu vizuri, mwambie asante kwa jina lake, na mkirudi Chekalini mwaelekeze na majirani huko.